Hendibreki ya umeme: kile kitufe cha P kinafanya nini, na siku kikigoma ufanyeje



Mwezi huu peke yake nimeulizwa swali lile lile na watu watatu. Wa mwisho alikuwa dereva wa teksi za mtandao, mtu mzima kabisa, kanivuta pembeni kwa aibu: "Dogo, nimeagiza gari Japani, imefika, lakini haina hendibreki. Nimepigwa?"

Hujapigwa mzee wangu. Hendibreki ipo, ila haina tena ule mkono wa kuvuta katikati ya viti, wala ile pedali ya mguu wa kushoto tuliyoizoea kwenye Toyota nyingi. Sasa hivi ni kitufe kidogo tu chenye herufi P ndani ya duara, na wengine wanadhani ni cha kuwasha taa za paki. Leo naomba tukizungumzie kitufe hicho kwa kirefu, maana kuna mambo ambayo muuzaji hakwambii, na kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, na hata kioo cha dashibodi kinakugombeza kwa Kijapani.

Kabla sijaendelea niseme: mimi si injinia. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa gereji ya bro mmoja wa mtaani kama mwaka na nusu nikishika spana na kuosha pati kwa petroli, mengine nimesoma mwenyewe. Wataalamu mkiona nimekosea, nirekebisheni hapo chini bila matusi.

KILICHONIFANYA NIANDIKE

Mtaani kwetu Tabata tunakaa nyumba ya uani, wapangaji wengi, geti moja. Usiku mmoja mke wa jirani alishikwa na uchungu, saa nane hivi. Mume ana gari yake, iko ndani ya uwanja, nzima, ina mafuta. Tatizo, mbele yake pale getini kulikuwa na gari ya mpangaji mwingine, SUV ndogo ya Kijapani ya miaka hii, na mwenyewe alikuwa ameacha taa ya ndani inawaka tangu jana yake. Betri imekufa fofofo. Mlango tukafungua kwa ule ufunguo wa chuma unaojificha ndani ya rimoti, lakini gari haiwaki hata taa moja.

Tukasema tuisukume. Gia iko P, haitoki. Jamaa mmoja mjanja akakumbuka kale katundu pembeni ya gia kameandikwa SHIFT LOCK, akachomeka ufunguo, gia ikaenda N. Tukashangilia! Tukashika gari wanaume saba, moja, mbili, tatu... wapi. Matairi ya mbele yanakubali, ya nyuma yamekaza kama yamechomelewa chini. Tukajaribu tena, tukaifanya itambae labda nusu mita, tairi zinaburuzwa kwenye kokoto. Mama yuko barazani anaugulia, mama mkwe anatulaani wote. Mwishowe akatafutwa bodaboda akaamshe mwenye bajaji, na mama akapelekwa hospitali kwa bajaji, kwenye mashimo yale. Alijifungua salama, mtoto wa kike, tumshukuru Mungu.

Asubuhi akaja fundi na nyaya za kubusti. Akaunga kwenye betri ya gari ya jirani, ILE ILE gari iliyokuwa imezibiwa njia usiku kucha, akawasha swichi, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe. Zrrr! Breki ikaachia. Dakika tano hazikufika. Yaani dawa ilikuwa mita mbili kutoka tulipokuwa tunatoka jasho, na nyaya alikuwa nazo mpangaji wa chumba cha tatu. Hakuna hata mmoja wetu, na mimi wa gereji nikiwemo, aliyefikiri kwamba betri ndiyo hendibreki. Tulijua betri ni ya kuwashia gari basi.

INAVYOFANYA KAZI

Hendibreki ya zamani unaijua: unavuta mkono, mkono unavuta waya wa chuma, waya unabana breki za magurudumu ya nyuma. Nguvu ni ya msuli wako. Ukivuta kidogo inabana kidogo, na waya ukilegea kwa uzee unavuta mpaka mkono unafika kwenye kidevu na gari bado inatembea.

Ya umeme imegawanyika aina mbili kubwa. Ya kwanza iko karibu na ile ya zamani: waya bado upo, ila anayeuvuta ni mota iliyofungwa chini ya gari. Land Rover Discovery 3 iliyotoka mwaka 2004 ni ya namna hii. Aina ya pili ndiyo utaikuta kwenye gari nyingi za sasa: waya haupo kabisa. Kila kalipa ya nyuma imebebeshwa mota yake ndogo kwa mgongoni, unaiona kama kiboksi cha plastiki cheusi chenye soketi ya umeme. Ukibonyeza kitufe, mota inazunguka, inazungusha gia ndogo ndogo za kupunguza mwendo, zile gia zinazungusha skrubu, skrubu inasukuma pistoni, pistoni inabana pedi kwenye diski. Kompyuta inajuaje kwamba imebana vya kutosha? Inapima umeme. Mota ikianza kupata kazi ngumu inakula umeme mwingi zaidi, ukifika kiwango fulani kompyuta inakata.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo siri ya usiku ule ilipo. Skrubu ikishabana haihitaji umeme ili ibaki imebana. Ni kama jeki ya skrubu chini ya gari, ukiacha kuzungusha inakaa pale pale, haishuki yenyewe. Kwa hiyo betri ikifa wakati breki imefungwa, breki inabaki imefungwa hata mwaka mzima. Na betri ikifa wakati breki imeachiwa, huwezi kuifunga. Umeme unahitajika kwa kubadilisha hali tu, sio kwa kuishikilia. Mtu akikutisha kwamba gari itaserereka usiku kwa sababu betri imeisha, mwambie hapana, shida yako itakuwa kinyume chake.

Wanaofuatilia historia husema gari ya kwanza kuuzwa na kitu hiki ni BMW 7 Series ya mwaka 2001. Renault wakaiingiza kwenye gari ya familia, Scenic ya mwaka 2003. Wajapani walichukua muda kuisambaza kwenye gari za bei ya kawaida. Honda Vezel ya mwishoni mwa 2013 inayo, Toyota C-HR inayo, Subaru Forester ya 2018 inayo. Kwetu zimechelewa kwa sababu tunanunua gari zilizotumika, tena za umri mkubwa. Kenya hawaruhusu gari iliyozidi miaka 8 kuingia, ndiyo maana wenzetu wa Nairobi walianza kuzizoea mapema kidogo. Sisi za zamani zinaingia ila unalipia kodi ya uchakavu.

MATUMIZI YA KILA SIKU

Kwenye gari nyingi za Kijapani: unavuta kitufe juu kufunga, unakibonyeza chini kufungua, na kufungua lazima swichi iwe ON na mguu uwe kwenye breki. Taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, ama P ndani ya duara ama neno BRAKE. Ikiwaka ya njano hiyo ni habari nyingine, ni hitilafu, usiipuuze.

Ila usikariri! Mercedes nyingi ni kinyume: kile kitufe kiko chini ya swichi ya taa, unasukuma ndani kufunga na unavuta kufungua. Jamaa aliyezoea Honda akipewa Mercedes ya bosi aipeleke kuoshwa, anavuta akidhani anafunga, kumbe anafungua. Angalia TAA, sio kidole chako kilifanya nini. Taa nyekundu imewaka na kubaki imewaka, umefunga. Inawaka na kuzima au inapepesa, hujafunga, na kwenye mlima usitoke kwenye gari.

Kuondoka: gari nyingi huachia zenyewe ukiweka D na kukanyaga mafuta taratibu, ila kwa masharti. Mkanda uwe umefungwa, mlango wa dereva uwe umefungwa. Hapa ndipo Wabongo tunapokwama, maana mkanda tunaufunga tukiona trafiki. Jamaa anaweka D, anakanyaga, gari inanguruma kitako kinashuka haiendi, anazidi kukanyaga, anaenda gereji analalamika gia boksi imekufa. Funga mkanda bro, gia boksi ni nzima.

Kwenye baadhi ya Toyota kuna mtindo wa kujifunga yenyewe ukiweka P na kujifungua ukitoa P. Ni rahisi sana, lakini unaweza kuzimwa. Kama gari ni ya kuazima usichukulie kwamba umewashwa. Macho kwenye taa.

Kupaki mlimani, na hapa nawaongelea hasa ndugu zangu wa Mwanza, Mbeya na Lushoto, maana Dar mlima wetu mkubwa ni foleni. Wengi mnaweka P, mnaachia breki, gari inaserereka kidogo "tuk!" halafu ndiyo mnafunga hendibreki. Ile "tuk" ni kijino kidogo cha chuma ndani ya gia boksi kimebeba tani nzima na nusu ya gari. Siku ya kuondoka unatoa P kwa nguvu na inalia "kang!" Mpangilio mzuri ni huu: simama mguu ukiwa kwenye breki, weka N, vuta kitufe, taa iwake, achia mguu taratibu gari ikae kwenye hendibreki, kanyaga tena, ndipo uweke P. Inachukua sekunde tatu za ziada. Kwenye mteremko mkali kata na usukani matairi yaelekee ukingo wa barabara, kama babu zetu walivyofanya, na jiwe bado halijapitwa na wakati.

Sauti ya ajabu: umeshuka milima ya Kitonga breki zimechemka, umepaki Ruaha Mbuyuni unakunywa soda, gari imezimwa, ufunguo uko mfukoni, ghafla nyuma ya gari inalia "zrrr". Hakuna jini. Diski ya moto imevimba. Ikipoa inasinyaa, na pedi iliyokuwa imebana inalegea kidogo. Gari nyingi zimetengenezwa zijue hilo, kompyuta inaamka baada ya muda na kubana tena. Yale mambo ya hendibreki ya mkono hayakuwa na akili hiyo, na magari mengi yalitembea yenyewe baada ya breki kupoa, wenyewe wako hotelini wanakula ndizi.

KILE KITUFE KINGINE: BRAKE HOLD

Pembeni ya P kuna kitufe kingine, BRAKE HOLD au AUTO HOLD. Hiki SIO hendibreki na watu wanavichanganya sana. Kazi yake ni foleni. Ukiwa umekiwasha na umefunga mkanda, ukisimama kabisa kwa breki ya mguu, gari inashikilia ule mgandamizo wa mafuta ya breki hata ukiondoa mguu. Ukikanyaga mafuta inaachia. Kwa foleni ya Mwenge au Ubungo saa kumi na mbili jioni ni raha tupu, goti linapumzika.

Hatari ni kwamba mtu anazoea. Gari imetulia, mguu hauko kwenye breki, ubongo unasema nimepaki. Anakumbuka mkoba uko buti, anafungua mlango, anashuka. Gia bado iko D! Gari nyingi zina akili ya kufunga hendibreki yenyewe ukifungua mkanda au mlango, na kwenye Honda ikishikilia zaidi ya dakika 10 hivi inahamia kwenye hendibreki. Lakini wewe unataka uhai wako ulindwe na soketi ya mkanda yenye vumbi la miaka minane? Ukisimama ili ushuke, P kwa kitufe, P kwa gia, zima gari. Kwenye kivuko cha Kigamboni vile vile, HOLD haitoshi. Pantoni inatikisika na gari ya mbele yako iko sentimita thelathini.

Huu si utani. Mwaka 2016, tarehe 19 Juni, mwigizaji Anton Yelchin, yule kijana wa filamu za Star Trek, alikufa nyumbani kwake Los Angeles akiwa na miaka 27. Gari yake Jeep Grand Cherokee ilitembea yenyewe kwenye mteremko wa njia ya kuingilia nyumbani ikambana kwenye nguzo ya geti. Kesi hiyo haikuhusu kitufe cha hendibreki bali gia za umeme: mkono wa gia wa Jeep zile ulikuwa unarudi katikati kila ukiuachia, hivyo dereva hawezi kujua kwa kushika kama iko P au la, na watu wengi walishuka wakidhani wameweka P. Kampuni ilikuwa tayari imetangaza mwezi Aprili mwaka huo kuziita zaidi ya gari milioni 1.1 kwa ajili ya tatizo hilo. Nimeitaja kwa sababu ni ugonjwa ule ule: zamani mkono wako ulijua gari imefungwa, sasa inajua kompyuta, na wewe unapewa taa tu.

Na kompyuta nazo hukosea. Mwaka huo huo 2016 Honda waliita Civic kama 350,000 Marekani kwa sababu programu ya hendibreki ilikuwa na kasoro: ukikivuta kitufe mara tu baada ya kuzima gari, breki inaweza isifunge. Dawa ilikuwa kubadilisha programu. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Tesla, gari kama 53,000 za Model S na Model X, gia ndogo ndani ya kalipa ya hendibreki ingeweza kuvunjika na breki kukwama ikiwa imefunga. Ndiyo maana mimi nafunga hendibreki KABLA ya kuzima gari, sio baada. Naona taa, nasikia zrrr, ndipo nazima.

BREKI YA MGUU IKIFA UKIWA BARABARANI

Hili ni zuri kulijua kabla. Vuta kitufe juu na UKISHIKILIE, usiachie. Ukivuta na kuachia haraka ukiwa kwenye mwendo gari nyingi zitapiga kelele tu. Ukishikilia, kompyuta inatumia ile pampu ya ABS kukusimamisha, tena magurudumu yote manne, bila kubana tairi mpaka ziserereke. Kama mfumo wa mafuta umekufa kabisa, baadhi ya gari hutumia zile mota za nyuma. Ukiachia kitufe inaacha kufunga. Kwa kweli hapa ya umeme imeizidi ile ya mkono mbali sana, maana ukivuta ile ya mkono ukiwa kasi 80 kwenye mvua nyuma inakuja mbele. Ila vijana wa kuzungusha gari viwanjani poleni, enzi zenu zimekwisha.

Mwambie na abiria wa mbele kuhusu kitufe hiki. Dereva akizimia, yeye ndiye anayekifikia.

BETRI IMEKUFA NA BREKI IMEFUNGWA

Turudi pale getini Tabata. Hatua ni rahisi: unga nyaya kutoka gari nyingine nzima, chanya kwa chanya, na ule mweusi kwenye hasi ya gari nzima na upande wa pili kwenye chuma tupu cha injini ya gari yako, mbali na betri. Iwashe gari inayotoa msaada, subiri dakika chache. Weka jiwe kwenye tairi KABLA hujafungua breki, maana kama ulishatoa gia P kwa kale katundu, gari itaondoka. Washa swichi, kanyaga breki, bonyeza kitufe. Kwisha.

Wenye haibridi msijidanganye kwamba mna betri kubwa nyuma. Hendibreki inakula kwenye ile betri ndogo ya volti 12, hiyo ikifa na nyie mmekwama kama sisi.

Baadhi ya gari za waya zina kamba ya dharura. Kwenye Discovery 3 imefichwa katikati ya viti, chini ya sehemu ya kuwekea vikombe, unaivuta waya unaachia. Ni ya dharura kweli, baada ya hapo fundi lazima airudishe. Zile zenye mota kwenye kalipa kwa kawaida hazina kamba hiyo. Fundi anaweza kufungua mota na kuzungusha skrubu kwa mkono, lakini hiyo ni kulala chini ya gari saa nane usiku na tochi mdomoni.

Brekidauni ikija, mwambie dereva wake mapema kwamba ni hendibreki ya umeme. Akiinua matairi ya mbele akavuta huku ya nyuma yamefungwa, utafika gereji na tairi mbili zimeliwa upande mmoja mpaka nyuzi. Aidha breki ifunguliwe kwanza, au gari ipandishwe mgongoni kabisa.

Ukisafiri miezi miwili na unajua betri yako ni ya mashaka, paki tambarare, weka P na mawe, acha hendibreki wazi kama gari inakuruhusu. Wadau wa ughaibuni kwenye barafu nao huambiwa hivyo hivyo na vitabu vya gari, kwao pedi huganda kwenye diski.

GEREJI

Sasa hapa naomba fundi usome bila kununa. Kubadilisha pedi za nyuma kwa gari za kawaida, unafungua kalipa, unasukuma pistoni irudi kwa jeki ndogo au kwa bisibisi na nguvu za ugali, unaweka pedi mpya. Kwenye kalipa yenye mota, nyuma ya pistoni kuna ile skrubu. Ukisukuma kwa nguvu unasukuma dhidi ya skrubu, na kinachokubali kushindwa ni zile gia ndogo za plastiki. Nimeshuhudia kwa macho yangu, gereji moja ambayo siitaji, fundi mzoefu wa miaka ishirini anakandamiza mpaka ikalia "tak!" Gari ya mama mmoja mwalimu. Alikuja kubadilishiwa pedi, akaondoka na deni la kalipa iliyotumika, laki nne na nusu, na fundi anamwambia "hizi gari za siku hizi ni mbovu".

Utaratibu ni kuiweka gari kwenye hali ya matengenezo kwanza. Unaunga mashine ya kusomea gari, unaiamuru irudishe mota nyuma, skrubu inajikunja, ndipo pistoni inasukumika kirahisi. Gari nyingine zina ufunguo wa siri wa pedali na kitufe bila mashine, unatofautiana gari na gari, usitumie wa Honda kwenye Mazda. Wakati kalipa iko wazi mtu yeyote asiguse kitufe wala asiwashe swichi, hasa zile zinazojifunga zenyewe. Pistoni itatoka nje, na kama kidole chako kiko pale mota haijui. Toa ufunguo, kaa nao mfukoni.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, kabla hujakabidhi, uliza swali moja tu: "Fundi, mota za hendibreki unazirudishaje?" Akikwambia "tunasukuma tu mzee", chukua ufunguo wako ondoka kwa heshima. Akikutajia mashine, mpe kazi.

Kingine ni maji. Zile soketi za mota ziko nyuma ya tairi, zinakula tope lote. Ukipita Jangwani kwenye maji ya mafuriko halafu wiki mbili baadaye taa ya njano ikawaka, mwanzo usikimbilie kununua kalipa Gerezani. Mwambie fundi umeme akague soketi na nyaya kama zimeota kutu. Na wadau wa Zanzibar na Tanga na chumvi ile ya bahari, itumieni hendibreki kila siku hata mkipaki tambarare, kitu kinachozunguka hakigandi haraka.

Baada ya kubadilisha betri, taa ikigoma kuzima, jaribu kuvuta na kuachia kitufe mara moja au mbili swichi ikiwa ON na mguu kwenye breki. Kwenye gari nyingi kompyuta inajikumbusha ilipo. Ikigoma bado, ndipo mashine.

Yule jirani wa SUV siku hizi anapaki nje ya geti, na nyaya za kubusti zinaning'inia kwenye msumari ukumbini, kila mpangaji anajua zilipo. Mtoto anatambaa.

Mwenye Forester au C-HR anayejua namna ya kubadilisha lugha ya dashibodi kutoka Kijapani bila kung'oa redio atuambie, kuna watu wamenitumia picha za maandishi ya onyo na mimi Kijapani sijui. Na yule mdau aliyesema kule Arusha kuna fundi anarudisha mota kwa betri ya pikipiki na nyaya mbili, tafadhali tueleze vizuri anavyofanya, maana nina wasiwasi nayo.